Mapenzi kama Kipimo cha Ukuaji wa Wahusika: Mfano wa Tamthilia ya Runinga ya "Bones"

Utangulizi

Mwalimu yeyote ambaye amesahihisha insha za fasihi za kidato cha nne anaifahamu kasoro hii. Mtahiniwa ameulizwa afafanue jinsi mhusika anavyokua, naye anajibu: wahusika hawa mwanzoni hawakupatana, baadaye wakapendana, mwishowe wakaoana. Hayo ni masimulizi wala si uhakiki. Yanatueleza yaliyomtokea mhusika, lakini hayatuelezi alivyobadilika wala sababu yake. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba uhusiano wa kimapenzi wenyewe si ukuaji. Ni kipimo cha ukuaji. Kinachokua au kudumaa ni sifa ambazo mtunzi alizipanda mapema, nayo mapenzi huzitia majaribuni.

Tutatumia mfano wa tamthilia ya upelelezi ya Bones, ambayo ilitungwa na Hart Hanson na kuonyeshwa na kituo cha Fox nchini Marekani kuanzia mwaka 2005 hadi 2017. Ilikuwa na misimu 12 na jumla ya sehemu 246. Ni kweli kwamba si kazi teule ya mtihani. Hata hivyo, urefu wake unampa mhakiki nafasi ya kuwafuatilia wahusika walewale kwa miaka mingi, na stadi atakazopata zinafaa kwa riwaya au tamthilia yoyote.

Usawiri wa awali

Mhusika mkuu, Temperance Brennan, ni mwanasayansi anayetambua maiti kwa kuchunguza mifupa katika taasisi ya kubuni ya Jeffersonian, mjini Washington. Anaamini ushahidi pekee. Hamwamini Mungu, na kwake ndoa ni mila iliyopitwa na wakati. Sifa hizi zina chanzo. Brennan alipokuwa na umri wa miaka 15, wazazi wake walitoweka, akalelewa na watu baki. Mtoto aliyeachwa hivyo hujifunza kutomtegemea mtu, na mifupa, tofauti na wazazi, haiwezi kumtoroka.

Mwenzake, Seeley Booth, ni mpelelezi wa FBI. Ni Mkatoliki, mlenga shabaha wa zamani jeshini, baba wa mtoto mmoja, na mtu aliyewahi kutekwa na kamari. Huongozwa na silika. Kwa hivyo kila mmoja ana kile ambacho mwenzake amekikosa, na ukinzani huu huisukuma ploti pamoja na kesi za mauaji wanazozichunguza.

Hatua za ukuaji

Hatua ya kwanza ni kukataa. Katika sehemu ya 100, iliyoonyeshwa mwaka 2010, mtunzi anatumia mbinu rejeshi kutuonyesha kesi yao ya kwanza, kisha anaturudisha wakati uliopo. Booth anamwomba Brennan wajaribu kuwa wapenzi. Brennan anakataa kwa hoja kwamba yeye ni mwanasayansi na hajui namna ya kubadilika. Hapa pana kinaya: mtu aliyeacha kamari ndiye anayetaka kubahatisha, na mtu asiyeogopa maiti anaogopa kupendwa. Mtahiniwa asiseme tu kwamba Brennan hampendi Booth. Anampenda, na ndiyo maana anaogopa.

Hatua ya pili ni majuto. Mwishoni mwa mwaka uo huo, Brennan anachunguza kifo cha daktari mpweke na kujiona katika maisha ya marehemu. Anamkiri Booth kwamba alipoteza nafasi. Booth tayari ana mpenzi mwingine, Hannah, naye anamwambia ukweli bila kumdanganya. Brennan anaumia na kulia, lakini hakimbii. Kwa msichana aliyewahi kuachwa, kubaki kazini kando ya mtu aliyemkataa ni mabadiliko makubwa kuliko busu lolote.

Hatua ya tatu ni kuchukua hatua. Mwaka 2013, Brennan, aliyeidharau ndoa, ndiye anayemposa Booth. Mhalifu Pelant anamlazimisha Booth kuvunja posa hiyo bila kueleza sababu, na kidonda cha zamani cha kuachwa kinatoneshwa. Brennan anachagua kuendelea kumwamini. Walipofunga ndoa baadaye mwaka huohuo, harusi ilikuwa muhuri tu, kwani ukuaji ulikuwa umekwisha kutokea.

Hatua ya mwisho imo katika sehemu ya kufungia tamthilia, mwaka 2017. Baada ya maabara kulipuliwa, Brennan anapoteza kwa muda uwezo wa kuelewa mifupa. Anajiuliza amebaki nani ikiwa akili yake imemtoka. Booth anamhakikishia kwamba yeye bado ni yule anayempenda. Swali la kitambulisho lililojengwa kwa misimu 12 linapata jibu: thamani ya mtu haiishii katika kipawa chake.

Jozi ya pili

Angela Montenegro na Jack Hodgins ni jozi inayomulika ile ya kwanza. Wao walipendana mapema, wakakosa kuoana mwaka 2007 kwa sababu Angela alikuwa bado na mume kisheria, wakaachana, kisha wakaoana mwaka 2010. Hodgins alikuwa tajiri. Mwaka 2013 analazimika kuchagua baina ya mali yake na maisha ya wanafunzi wa shule ya wasichana, naye anaiacha mali iende. Mwaka 2015 anapooza miguu, na baadaye anamgeuzia Angela hasira. Tunajifunza kwamba ukuaji si ngazi ya kupanda tu. Mhusika duara anaweza kurudi nyuma, na msomaji bado akamsadiki.

Udhaifu

Uhakiki si sifa tupu. Mwaka 2011, baada ya mwanagenzi wao Vincent kuuawa, Brennan na Booth wanakuwa wapenzi, lakini mtazamaji anaachiwa pengo. Muda mfupi baadaye anaambiwa Brennan ni mjamzito, na msimu uliofuata unawakuta tayari wamezoeana. Mtunzi aliyetujengea taharuki kwa miaka sita alitunyima mwanzo wa mapenzi yenyewe. Mtahiniwa anayeweza kutaja udhaifu kama huu na kuuthibitisha ameonyesha kwamba anahakiki.

Hitimisho

Mwanafunzi anapokabiliwa na jozi ya wapenzi katika kazi yoyote, ajiulize maswali matatu. Mhusika alikuwa na sifa gani kabla ya kupenda, na zilitoka wapi? Mapenzi yalimlazimu kuchagua nini? Baada ya kuchagua, anatenda nini ambacho mwanzoni asingekitenda? Kila jibu liandamane na tukio mahsusi. Waswahili husema ukipenda boga, penda na ua lake. Mhakiki naye asilitazame boga tu, bali aufuatilie mmea tangu mbegu.

Zoezi: "Mapenzi hayambadilishi mhusika, bali humfichua." Jadili kauli hii kwa kurejelea wahusika wawili katika riwaya au tamthilia uliyoisoma. (alama 20)