MUUZAJI WAKO AKIONDOKA LEO, DUKA LITAJIENDESHA? Namna ya kuchagua na kuanzisha mfumo wa kufundishia wafanyakazi



Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunaona ni cha makampuni makubwa. Unakuta duka lina muuzaji mmoja anayejua kila kitu. Anajua bei za jumla na rejareja, anajua mteja gani anakopesheka, anajua kufunga hesabu jioni. Siku akienda kujifungua, akipata kazi kwingine au akifungua duka lake, vyote vinaondoka naye kichwani. Wewe unabaki na kijana mpya ambaye unaanza kumfundisha moja baada ya nyingine, na kila kosa lake unalilipia wewe.

Kampuni kubwa zinazuia hilo kwa mfumo wa kusimamia mafunzo. Jina linatisha ila kazi zake ni nne tu:
1. Kutunza masomo sehemu moja.
2. Kumfikishia mfanyakazi somo kwenye simu yake.
3. Kumpa maswali aone kama ameelewa.
4. Kukuonyesha wewe nani amemaliza na nani bado.

Ukiwa na wafanyakazi watatu, au duka na tawi, hizo kazi nne unazihitaji. Ishu ni kuchagua mfumo unaokutosha. Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: ANZA NA HELA INAYOVUJA, USIANZE NA PROGRAMU

Kabla hujapakua chochote, chukua daftari uandike makosa yanayokula hela dukani kwako. Kwa mfano:
- Chenji kuzidi au kupungua.
- Kutoa mzigo kwa meseji feki ya malipo.
- Bidhaa kuisha muda kwa sababu mpya zinapangwa mbele na za zamani zinabaki nyuma.
- Kuuza bila kutoa risiti ya EFD.
- Hesabu ya jioni kutolingana na droo.

Sasa weka namba. Chenji ikipotea shilingi 1,000 tu kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 26,000. Kwa mwaka ni 312,000. Hiyo inakusaidia kujua ni somo lipi lianze, na pia ni kiasi gani kina maana kutumia kwenye mfumo. Kama mfumo unadai hela nyingi kuliko kile kinachovuja, huo haukufai kwa sasa.

Chagua makosa matano tu. Hayo ndiyo masomo yako matano ya kwanza.

HATUA YA 2: CHAGUA MFUMO UNAOLINGANA NA WATU WAKO

A) Grupu la WhatsApp. Faida yake ni kwamba watu wako tayari wanalo. Tengeneza grupu la mafunzo peke yake, kisha kwenye mipangilio weka anayeruhusiwa kutuma awe admini tu, ili somo lisizikwe na stori na picha za harusi. Udhaifu wake: tiki za bluu zinakuambia mtu amefungua, hazikuambii ameelewa. Na mtu mpya akiunganishwa leo, masomo mengi ya nyuma hatayaona, itabidi umtumie upya.

B) Google Classroom pamoja na Google Forms. Classroom ilitoka mwaka 2014 kwa ajili ya shule, ila ukiwa na akaunti ya kawaida ya Gmail unaweza kufungua darasa lako bure. Masomo yanakaa kwa mpangilio, na mtu mpya anayakuta yote. Forms unatengenezea maswali ya kuchagua, inasahihisha yenyewe na kukupa majibu ya kila mtu kwenye jedwali. Udhaifu: kila mfanyakazi lazima awe na Gmail, na wengi wakibadilisha simu wanasahau neno la siri. Kwa duka lenye watu kuanzia watatu hadi ishirini hivi, mimi naona hapa panatosha.

C) Moodle. Huu ulianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanautumia. Programu yenyewe ni bure, na kwenye simu mtu anaweza kupakua somo akalisoma baadaye bila intaneti. Lakini bure hapo siyo bure kabisa. Utalipia sehemu ya kuuhifadhi mtandaoni, na unahitaji mtu anayeelewa kuutunza na kuusasisha. Kama huna matawi mengi, huu ni sawa na kununua fuso kubebea kreti mbili za soda.

D) Mifumo ya kulipia kila mwezi. Mingi inatoza kwa kichwa, tena kwa dola. Kabla hujalipa muuze maswali haya:
- Inafunguka vizuri kwenye simu ya bei ndogo?
- Inakula bando kiasi gani?
- Masomo na maelekezo naweza kuweka kwa Kiswahili?
- Wafanyakazi wakiongezeka, bei inapandaje?
- Nikiacha kulipa, masomo yangu naweza kuyatoa nikaondoka nayo?

Swali la mwisho ndilo wengi wanasahau. Kama jibu ni hapana, ujue unapanga nyumba ambayo ukihama unaacha vyombo ndani.

Na jambo moja la lazima kwa mfumo wowote: akaunti iwe ya duka, isajiliwe kwa namba na barua pepe unayoimiliki wewe. Usimwachie kijana anayejua simu afungue kwa jina lake. Akiondoka, mfumo mzima umeondoka.

HATUA YA 3: TENGENEZA SOMO FUPI LA KAZI HALISI

Somo moja, jambo moja, dakika tatu zinatosha. Rekodi kwa simu, dukani kwako, kwenye droo yako na shelfu zako. Kama una muuzaji mzoefu, yeye ndiye aonyeshe. Hapo unakuwa umehamisha ujuzi wake kutoka kichwani kuja dukani kabla hajaondoka. Mpe shukrani yake, maana anakupa mali.

Video ikiwa nzito, tumia picha tatu na maelezo ya sauti. Bando linapungua na ujumbe unafika.

Mfano, somo la meseji feki:
"Mteja akisema ametuma hela, usiangalie simu yake na usiridhike na meseji iliyoingia. Angalia salio la duka. Salio halijaongezeka, mzigo hautoki. Mtu akipiga kusema amekosea kutuma na anataka umrudishie, usitume kitu. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja wa mtandao wake, kisha mjulishe bosi."

Baada ya hapo weka maswali matatu. Usiulize "meseji feki ni nini?", maana hilo mtu atakariri. Uliza tukio: "Saa mbili usiku, foleni ndefu, mteja unayemfahamu anakuonyesha meseji ya 45,000, salio halijabadilika, na anasema ana haraka. Unafanyaje?" Hapo ndipo utajua nani ameelewa.

HATUA YA 4: ANZISHA POLEPOLE, WIKI NNE

Wiki ya 1: Jaribu na mtu mmoja. Chagua yule asiyependa mambo ya simu. Kaa pembeni umwangalie bila kumsaidia. Anapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha. Yeye akiweza, wote wataweza.

Wiki ya 2: Wape wote somo la kwanza. Waambie ukweli kwa nini unafanya hivi, la sivyo watahisi unatafuta sababu ya kuwafukuza. Bando toa wewe, na somo lifanyike muda wa kazi, asubuhi kabla wateja hawajachanganya. Ukimwambia mtu akasome usiku kwa bando lake, usishangae asiposoma.

Wiki ya 3: Angalia majibu. Swali likikosewa na mtu mmoja, mwelekeze huyo. Likikosewa na wote, somo lako ndilo halieleweki. Lirekodi upya.

Wiki ya 4: Ongeza somo la pili. Siyo matano kwa mpigo.

Tahadhari mbili. Kwanza, usikate mshahara kwa sababu ya alama. Ukifanya hivyo watapeana majibu, na wewe utabaki na alama nzuri zisizo na maana. Pili, alama za mtu ni taarifa zake. Usizibandike ukutani wala kuzirusha kwenye grupu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, aibu haimfundishi mtu kazi.

HATUA YA 5: PIMA KWENYE DROO

Mfumo ukikuambia wote wamepata 100, usishangilie kwanza. Rudi kwenye daftari la hatua ya 1. Chenji inapotea kiasi gani sasa? Bidhaa ngapi zimeisha muda mwezi huu?

Vikipungua, somo limefanya kazi. Visipopungua na watu wanajibu vizuri, basi tatizo siyo kutojua. Inawezekana mtu amechoka, zamu ni ndefu mno, droo inashikwa na watu watatu, au kuna anayechukua. Hayo somo haliyatibu. Yanatibiwa kwa kupanga zamu, droo moja mtu mmoja, na kuhesabu kila mnapobadilishana. Hapa wengi wanapoteza hela kwa kununua mfumo mkubwa zaidi, wakati ugonjwa ni mwingine.

KWA UFUPI

Kama una watu wawili, WhatsApp na daftari vinatosha. Watatu mpaka ishirini, jaribu Classroom na Forms. Matawi mengi na mtu wa kompyuta wa kudumu, hapo fikiria Moodle au mfumo wa kulipia.

Wiki hii fanya moja tu: chagua kosa linalokula hela zaidi dukani kwako, rekodi dakika tatu, mpe mtu mmoja. Halafu tuandikie hapo chini umeanza na kosa gani. Na kama una rafiki mwenye duka linalomtegemea muuzaji mmoja, mshirikishe hii mapema.

Kazi njema, na biashara iwe na baraka.