Kikohozi cha kiangazi, Kasongo hadi Kabambare

Mwezi wa sita ukiingia, mvua hukatika kusini mwa Maniema. Kuanzia Kasongo kuelekea Kabambare nyasi za nyika hukauka, watu wakaanza kuzitia moto, wengine kwa kusafisha mashamba, wengine kwa kuwinda. Barabara ya udongo hutimua vumbi kila pikipiki inapopita. Usiku baridi hushuka na milango hufungwa mapema. Asubuhi ndipo utasikia nyumba kwa nyumba: chafya mfululizo, kamasi jepesi kama maji, mtoto anasugua macho kwa mgongo wa kiganja, kisha kikohozi kikavu kisichokwisha.

Watoto wa Ulaya hupatwa na hali hiyo miti inapochanua baada ya majira ya baridi, kwa sababu ya chavua. Huku kwetu chavua haikosekani, lakini mashaka makubwa ya kiangazi ni moshi na vumbi. Moshi huwasha njia za hewa na kuzivimbisha hata kwa mtoto mzima kabisa. Yule ambaye mwili wake tayari unakataa vumbi la godoro la majani, kinyesi cha mende au manyoya ya mbuzi hubanwa kifua, akapumua kwa filimbi. Hiyo ndiyo pumu, nayo haiambukizi wala si ya kumwonea mtoto aibu.

Ninachosikitikia ni jinsi tunavyokipokea kikohozi hiki. Mtoto akikohoa siku mbili, anapewa dawa ya malaria bila kupimwa. Siku ya tatu ni vidonge vya antibiotiki vilivyonunuliwa kimojakimoja sokoni. Kikohozi kikizidi kukaa, atatokea mzee wa kusema ni kilimi kimerefuka, kikatwe. Kilimi hakina kosa lolote! Kukikata kwa wembe au kisu kumewaletea watoto kutokwa damu kwingi, pepopunda na usaha kooni, na kikohozi kikabaki palepale.

Lakini siwezi kumwambia mama kwamba kila kamasi ni la vumbi. Surua nayo huanza hivyohivyo: mafua, kikohozi, macho mekundu. Tofauti ni homa. Mzio, yaani mwili kukataa vumbi au chavua, huwasha, humkosesha mtoto usingizi, lakini haumchomi mwili. Surua humchoma, na baada ya siku tatu au nne vipele hutoka, kwa kawaida vikianzia usoni na nyuma ya masikio. Kasongo inaujua ugonjwa huo kuliko miji mingi. Mwaka 1981 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto wa hapa wenye umri wa miezi 7 hadi 35, ili kuona chanjo ya surua inawaongezea uhai kwa kiasi gani. Waganga wa dunia wakaanza kujadili jina la mji wetu. Hata hivyo, mwaka 2019 surua ilirudi Kongo nzima na kuua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo macho mekundu pamoja na homa si jambo la kungojea kesho.

Kwa kikohozi chenyewe, kuna kipimo ambacho mama yeyote mwenye simu ya vitufe anaweza kukifanya. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo kifuani na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 asifike 60. Wa miezi 2 hadi 11 asifike 50. Wa mwaka 1 hadi 5 asifike 40. Akifikia hapo au akapita, huenda ni nimonia. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, au midomo ikigeuka rangi, ni kwenda kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku.

Asipokuwa na dalili hizo, abaki nyumbani, na nyumba ndiyo itibiwe. Kiangazi kina neema moja: mvua haipo, basi mafiga yanaweza kuhamia uani. Mama anayesonga bukari jikoni huku mtoto yuko mgongoni anamvutisha moshi uleule anaouvuta yeye. Ampe dada amshike mbali na moto. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagia, mikeka na blanketi zianikwe juani. Kinywaji cha vuguvugu cha ndimu na asali hutuliza koo, ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Huyo dada naye tumfikirie. Mama hawezi kuacha shamba, basi msichana wa miaka 9 au 10 ndiye anayebakizwa kumlea mgonjwa, wakati mitihani ya mwisho wa mwaka imefika. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali haina karo, lakini siku alizokosa hakuna wa kumrudishia. Ningependa baba naye abaki siku moja.

Kwa mwenye pumu, dawa ya kupuliza ya salbutamol ndiyo ya kutafuta, na mganga aelekeze kiasi. Mtoto hawezi kuivuta moja kwa moja. Nyingi huishia ulimini. Mwaka 1999 waganga wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Unatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu likae sawasawa na mdomo wa dawa, pasivuje. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unapuliza mara moja, anavuta pumzi tano au sita taratibu. Chupa za namna hiyo zimetupwa kando ya kila soko, kuanzia Kasongo hadi Salamabila, na vituo vyetu vya afya vingeweza kuwafundisha akina mama kuzitoboa siku ileile ya kupima uzito wa watoto.