Siku Tatu za Barafu Mjini Stratford

Jamaa zangu wa karibu na wa mbali, naanza kwa kuomba radhi. Wengi wenu mnajua, na wasiojua wameshaambiwa, kwamba usiku wa Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, ukumbi wa arusi kule Mississauga ulipojaa watu, kiti changu kilikuwa kitupu. Bibi arusi ni mjukuu wa dada yangu mkubwa. Watu wakauliza, wakajibiwa kwamba Mwalimu yuko Stratford anatazama watoto wakiteleza kwenye barafu. Nasikia wengi walicheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio ninaowaandikia khasa. Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka aliponitaka makala juu ya michezo ya vijana wetu hapa Kanada, nilimwambia ninayo moja, ila itakuwa ndefu kidogo kwa kuwa ina lawama za kujibu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana miaka kumi, naye ni golikipa wa timu ya mtaa wetu wa Scarborough katika mchezo wa magongo ya barafuni. Timu ina watoto kumi na wanne, lakini golikipa ni mmoja tu. Baba yake huendesha lori, na juma lile alikuwa upande wa Marekani. Mama yake ni muuguzi, na zamu ya hospitali haijui arusi wala mashindano. Kila mtoto sharti awe na mkubwa wake hotelini. Aliyebaki ni mimi, mstaafu, ambaye kila mtu hudhani hana shughuli. Nikikataa, mtoto haendi. Na mtoto asipokwenda, wenziwe kumi na watatu wanasimama mbele ya goli tupu. Hesabu hiyo niliifanya mara tatu, kila mara jibu lile lile.

Niseme kweli: mchezo huu sikuwa nikiupenda. Mazoezi yake ni alfajiri, na mara nyingi hugongana na darasa la Kurani la Jumamosi. Kisha kuna gharama. Sitaji hapa bei ya viatu vya kutelezea wala ya yale magodoro anayofungwa golikipa miguuni, maana wamo wazee watakaosoma haya wenye ugonjwa wa presha. Itoshe kusema kwamba vyote alivyovaa mjukuu wangu vilinunuliwa vikiwa vimekwisha tumika, na bado nilikaa kitako niliposikia.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala, mimi nikiendesha gari la mkwe wangu lenye matairi ya theluji. Stratford ni mji mdogo magharibi ya Toronto, mwendo wa saa mbili hivi barabara ikiwa safi. Siku ile tulikwenda saa tatu na nusu. Mimi nilikuwa na furaha yangu ya siri. Mji huo una mto Avon, kama ule wa Uingereza, na tangu mwaka 1953 huchezwa humo michezo ya Shakespeare. Kwa mwalimu aliyesomesha Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, hilo si jambo dogo. Lakini Januari hapana mchezo wa kuigiza, hata mabata maji wao mashuhuri huondolewa mtoni wakafungiwa mpaka baridi ipungue. Mjukuu wangu akanambia kwamba mji huu ni wa Justin Bieber, aliyekulia hapo na kucheza magongo hapo. Kila mtu na Shakespeare wake.

Uwanja wa mechi yetu ya kwanza umo ndani ya jengo la zamani lililofunguliwa mwaka 1924. Kwa wale msiopata kuona mchezo huu, nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Uwanja una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, pembe zake zimeviringwa, na umezungukwa na ubao ili mpira usitoke. Mpira wenyewe si mpira bali ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, kipana inchi 3 na kinene inchi 1, uzito wake kama gramu 170. Kabla ya mechi hugandishwa, kwani kikipata joto hurukaruka. Kila upande huingiza watu sita, golikipa akiwemo, na hao watano wengine hubadilishwa kila baada ya dakika moja hivi bila mchezo kusimama. Hurukia nje juu ya ubao na wenzao wakarukia ndani. Golikipa habadilishwi. Vishindo vile vikubwa vya kugongana mnavyoviona kwenye televisheni, watoto wa umri huu hawaruhusiwi. Baina ya mechi hupita gari zito liitwalo Zamboni, kwa jina la aliyelibuni huko California mwaka 1949, likikwangua barafu na kumwaga maji ya moto. Nilidhani nimesikia vibaya, maji ya moto juu ya barafu! Kumbe ya moto huyeyusha kidogo ile barafu ya juu, yakashikana nayo vizuri na kuganda laini kama kioo.

Jambo la kwanza nililojifunza lilikuwa la magoti. Mtoto wa miaka kumi hana nguvu za kukaza kamba za viatu vile, na zikilegea kifundo cha mguu hupinda. Basi mimi niliyezoea watoto wasimame ninapoingia darasani, nikapiga magoti juu ya sakafu iliyolowa, mjukuu wangu amekaa juu ya benchi kama sultani, nikavuta kamba mpaka vidole vikaniwaka. “Kaza tena, babu.” Nikakaza tena. Makocha wawili walikuwapo chumbani, maana ndiyo kanuni, watoto wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Kanuni nzuri, nami nimeisifu mbele yao.

Mechi ilianza saa moja na nusu usiku. Tukafungwa saba kwa sifuri.

Sitaeleza moja moja. Wale walikuwa wakubwa wa maumbo na wepesi, nasi kisahani hatukukiona. Kila walipofunga, wazazi wao walitikisa kengele za ng'ombe, na mjukuu wangu alikunywa maji kutoka chupa iliyokaa juu ya goli, akatazama chini. Lililonichoma si mabao. Baada ya bao la tano, baba mmoja wa upande wetu wenyewe alipiga kelele kwamba golikipa abadilishwe. Abadilishwe na nani? Jengo lile lina mwangwi, na mtoto alisikia. Mama mmoja wa timu yetu, Mtamili wa asili ya Sri Lanka, alinifunika blanketi lake magotini bila kusema neno, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa natetemeka. Mwisho wa mechi watoto hupangana mistari miwili wakapeana mikono. Mjukuu wangu alikwenda akawapa mikono wote.

Hotelini wenziwe walikula piza, kisha wakaanza kucheza ukumbini kwa magongo madogo ya plastiki, milango yote wazi, mpaka meneja akapanda juu mara mbili. Wangu alijifungia. Tulipokwisha sali akalala kifudifudi, akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani hunijibu Kiingereza: “Babu, twende zetu kesho. Si kuna arusi?”

Jamaa zangu, hapo ndipo nilipojaribiwa. Nitawaambia ambalo hata binti yangu halijui: kanzu yangu na koti la arusi vilikuwa ndani ya buti la gari, nimevipakia kimya kimya, kwa tahadhari. Mtoto ameomba mwenyewe. Ningemfikisha Mississauga mchana, nikakaa mbele pamoja na wazee, na hapana ambaye angenilaumu isipokuwa watoto kumi na watatu nisiojua hata majina yao. Nilinyamaza muda mrefu, naye akadhani nimelala.

Sikumpa wasia. Nilimpa kisa. Mwaka 1980 nilikuwa mwalimu mpya, na Tanzania ilipeleka timu ya magongo, yale ya uwanja wa majani, kwenye Olimpiki za Moscow. Nchi nyingi zilisusia mashindano yale, hata jirani zetu wa Kenya ambao ndio waliokuwa mabingwa wa mchezo huo Afrika Mashariki. Basi vijana wetu mechi yao ya kwanza wakapangiwa India. Nikamwuliza mjukuu wangu akisie. Akasema saba. Nikamwambia, kumi na nane kwa sifuri.

Akageuka. “Kumi na nane?”

“Kumi na nane. Na hao India ndio waliochukua dhahabu.”

“Na mechi ya pili?”

“Waliingia uwanjani, wakafungwa tena.”

“Na ya tatu?”

“Vile vile. Walifungwa zote.”

Akafikiri kidogo. “Babu, kisa hiki hakinisaidii.” Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka jirani wa chumba akagonga ukuta. Hakusema atacheza wala hatacheza. Alilala. Mimi sikulala.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kaa kitandani na soksi zake miguuni. Kule uwanjani yule baba wa kelele alitupokea mlangoni, akatwaa lile begi zito la golikipa akalibeba yeye, na kikombe cha kahawa akanipa mimi. Hakuomba radhi kwa mdomo. Nilikunywa kahawa yake.

Kocha naye alikuwa na kisa chake. Aliwaambia watoto kwamba tarehe ile ile, 18 Januari, mwaka 1958, Willie O'Ree wa Fredericton alivaa jezi ya Boston akacheza Montreal, akawa mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya mchezo huu. Jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni, kwa sababu kisahani kilimpiga alipokuwa kijana akichezea timu ya Kitchener, mji tulioupita njiani. Akaficha siri hiyo ili wasimzuie kucheza. “Jicho moja, babu,” mjukuu wangu alinambia nilipokuwa nikikaza kamba, “na mimi nina mawili.” Mpaka leo hubishana nami kama ni kisa cha kocha au changu kilichomtoa kitandani. Mimi nadai ni changu, kwa sababu soksi alizivaa kabla ya kumwona kocha.

Mechi ya saa nne asubuhi tulitoka sare, mbili kwa mbili. Ya saa kumi na moja jioni tulishinda, tatu kwa moja, na nikijaribu kuieleza nitatia chumvi. Nitasema moja tu. Dakika za mwisho mtoto wa upande wa pili alichomoka peke yake, hapana mtu mbele yake ila mjukuu wangu. Nilikuwa nimekwisha simama. Mtoto yule akababaisha kushoto, akapiga kulia, na lile godoro la mguu likatoka likaziba. Nilipiga ukelele ambao sikuupiga tangu ujana, kwa Kiswahili, na yule mama Mtamili akaurudia neno kwa neno bila kuujua. Saa hiyo, Mississauga, mlikuwa mnavaa.

Ushindi huku una pointi mbili na sare moja, basi tulikuwa na tatu. Kuingia nusu fainali ya Jumapili tulihitaji wale tuliotoka nao sare wasishinde mechi yao ya usiku. Watoto wote kumi na wanne walikaa wamebanana kwenye ngazi za uwanja wakishangilia watu wasiowajua. Wale wakashinda, nne kwa mbili, wakafika pointi tatu kama sisi. Wakatupita kwa hesabu ya mabao, yaani kwa zile saba za Ijumaa. Mjukuu wangu aliifanya hesabu mwenyewe kabla ya mtu kumwambia. Nilimwona akihesabu kwa vidole ndani ya glavu. Akavuta kofia ikamfunika macho. Hapana aliyemtamkia neno, na baada ya nusu saa alikuwa ukumbini hotelini na gongo la plastiki, safari hii anacheza mbele, mtoto mwingine ndiye aliyekaa golini.

Kuna mjomba aliyenipigia simu kuniuliza mchezo huu unatuhusu nini sisi watu wa pwani. Nilimjibu kwamba Nairobi ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na mwaka 2018 vijana wa timu yao ya Ice Lions waliletwa hapa Kanada kucheza. Akasema Nairobi si pwani. Sawa.

Jumapili tulirudi kwa jua kali na baridi ya kukata masikio. Sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu. Nilivaa ile kanzu kwenye choo cha kituo cha petroli njiani. Tulimkuta amechoka, nyumba imejaa masufuria ya watu. Mjukuu wangu akamwamkia, akabusu mkono. Mimi nikaomba radhi, naye akanisikiliza bila kunitazama, kisha akamgeukia mtoto.

“Umefungwa mangapi?”

“Kumi, bibi. Kwa mechi tatu.”

“Na ulikaa pale pale golini, hukutoka?”

“Sikutoka.”

Akanyanyuka akampakulia sahani ya pilau iliyobaki, na paja la kuku juu yake. Mimi nilipewa chai.