TOPE LA KIJITO NA USHAHIDI WA MAYAI YA SAMAKI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kwamba maji ya kijito kuwa maangavu si ushahidi wa kutosha kuwa kijito hicho kimesalimika na sumu.

Mvua inyeshapo mashambani huchukua udongo pamoja na dawa za kuulia wadudu zilizonyunyizwa. Baadhi ya dawa hizo, hususan za jamii ya pairethroidi, haziyeyuki kwa wepesi majini, bali hushikamana na chembe za udongo na kutuama nazo chini ya kijito. Maji hupita, tope hubakia. Na humo ndimo waishimo wadudu wengi walio chakula cha samaki.

Ili kulipima tope hilo, wataalamu hutumia mayai ya samaki. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walichapisha njia ya kuyagusanisha mayai hayo na tope lenyewe. Samaki atumikaye ni Danio rerio, mdogo, mwenye mistari mfano wa punda milia, ambaye asili yake ni India na nchi jirani. Yai lake hupenya mwanga, hivyo kiinitete huonekana kwa hadubini bila ya yai kupasuliwa.

Mayai yaliyorutubishwa huwekwa juu ya tope lililotiwa maji safi, katika visahani vyenye vishimo, kwenye joto la nyuzi 26 za Sentigredi hivi. Mengine huwekwa juu ya mchanga safi kwa ajili ya kulinganisha. Dalili zitazamwazo ni nne: yai kuganda, pingili za mwili kutojiunda, mkia kutobanduka kwenye kiini cha yai, na moyo kutopiga. Dalili hizo ndizo zilizomo pia katika Mwongozo Namba 236 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, wa mwaka 2013, uhusuo kemikali zilizomo majini kwa muda wa saa 96. Chini ya mwongozo huo, jaribio hubatilika iwapo zaidi ya asilimia 10 ya mayai ya kulinganishia yatakufa.

Hata hivyo, izingatiwe kwamba kipimo hiki huonesha kuwa tope lina madhara, lakini hakitaji jina la sumu. Aidha, uhaba wa oksijeni katika tope waweza pia kuua mayai. Kwa hiyo hewa hiyo hupimwa, na uchunguzi wa kemikali hufuatia. Wala kipimo hiki hakithibitishi kuwa maji yanafaa kunywewa.

Kwa mintarafu hiyo, wakulima wanaombwa wasioshe bomba za dawa wala kutupa makopo yake vijitoni, na waache ukanda wa majani kando ya maji ili uzuie udongo. Mabwana na mabibi shamba nao wanaombwa kuwaelimisha wakulima ipasavyo, kwani sumu ikishatuama katika tope, kuiondoa ni kazi nzito kuliko kuizuia shambani.