Kwa Nini Wizi Mdogo Huishia Kwenye RB?

Umeibiwa simu kwenye daladala. Unakwenda kituoni, askari anaandika maelezo yako, anakupa namba ya RB, na huenda usisikie tena habari ya simu ile. Ukiulizwa sababu kwenye mtihani, usiandike "uvivu" au "rushwa" ukaishia hapo. Anza na ushahidi.

Kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaruhusu kifungo cha hadi miaka saba kwa kosa la wizi. Kwa hiyo kisheria si jambo dogo. Lakini ili mtu afungwe, Jamhuri lazima ithibitishe kosa bila kuacha shaka. Nani alimwona mwizi? Abiria wameshashuka. Simu ikikamatwa, utathibitishaje kuwa ni yako? Wengi wetu hatuna risiti, wala hatujaandika popote namba tambulishi ya simu (bonyeza *#06# uione, tena leo). Mpelelezi anakosa pa kuanzia, na mezani kwake lipo jalada la mauaji lisiloweza kusubiri. Uhaba wa askari na magari nao unachangia. Na mlalamikaji akichoka kwenda mahakamani, kesi hufa.

Ripoti hata hivyo. Siku simu ile ikitumika kutapeli watu, RB ndiyo itakayoonyesha kwamba uliripoti kuibiwa, na lini.