KIJANI KINGI, CHAKULA KIDOGO

Hapa Kombewa hakuna asiyejua omena. Lakini je, umewahi kujiuliza omena wenyewe hula nini? Hula viumbe vidogo sana vinavyoelea ziwani, na kimoja chao ni kiroboto wa maji. Usiogope, huyu hang'ati mtu! Ni jamaa ya kamba na kaa, ana urefu wa milimita moja au mbili tu, na huruka-ruka majini. Ndipo akapewa jina hilo.

Kiroboto huyu naye hula mwani, yaani vile viumbe vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Huuchuja kwa miguu yake. Akila vizuri, jike hukomaa kwa muda wa wiki moja hivi, kisha huzaa majike wenzake bila hata kuhitaji dume.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kila jike anazaa watoto 10. Kizazi cha tatu kitakuwa na viroboto 1,000. Lakini chakula kikiwa kibaya, azae 2 tu, kizazi cha tatu kitakuwa na 8. Umeona tofauti?

Sasa utaniuliza, "Si ziwa letu ni kijani kabisa? Hiyo si karamu?" La hasha! Wingi si hoja. Kuna mwani uitwao diatomu, ambao una mafuta mazuri ya kumjenga kiroboto na mayai yake. Halafu kuna ule wa buluu-kijani. Huu hushikana ukawa mabonge au nyuzi ndefu, ukamziba miguu ya kuchujia. Mafuta anayoyahitaji hauna, na aina nyingine zina sumu. Basi kiroboto hukaa na njaa katikati ya kijani, kama mtu aliyefungiwa ghalani na magunia ya makapi.

Katika miaka ya 1960 diatomu walikuwa wengi katika Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1990 mwani wa buluu-kijani ulikuwa umetawala, sana sana katika Ghuba ya Winam. Viroboto nao wakapungua, wakabaki wengi wale jamaa zao wadogo waitwao kopepodi. Kweli, si mwani peke yake uliowapunguza, kwani omena nao huwala. Lakini anayeliwa kila siku na hazai vizuri, atajaza pengo lini?

Na mwani huo ulitoka wapi? Ulilishwa na sisi. Mbolea, maji machafu ya miji na udongo unaobebwa na mito kama Nyando huingia ziwani na kuunenepesha.

Wanafunzi wenzangu, tukipanda miti kando ya mito na kuzuia udongo wa mashamba yetu, tunamlisha kiroboto. Tukimlisha kiroboto, tunamlisha omena. Na omena, kama mjuavyo, ndiye anayetulisha sisi.