Utitiri wa Kuku Kibera na Kawangware: Tiba Huanzia Bandani

Kuku anayefugwa Kibera au Kawangware hulala pafinyu: kizimba cha mbao chakavu kilichoegemezwa kwenye ukuta wa mabati, nafasi iliyo chini ya ngazi za ploti na kuzibwa kwa waya, au kona ya chumba kilekile cha futi kumi kwa kumi ambamo wenyewe wanalala, kwa kuwa kuku akiachwa nje usiku huibwa au huliwa na mbwa. Mpangilio huo ndio unaoufaa utitiri, na ndio unaoeleza kwa nini dawa inayonunuliwa kwenye agroveti mara nyingi huonekana kufanya kazi kwa siku chache kisha tatizo likarudi kama lilivyokuwa. Dawa hupakwa kuku, ilhali mdudu anayelengwa, kwa sehemu kubwa ya siku, hayuko mwilini mwa kuku.

Utitiri si mdudu kwa maana kamili ya kisayansi, kwani viumbe wa kundi hili wana miguu minane wanapokomaa na ni jamaa wa kupe, buibui na nge, tofauti na chawa na viroboto ambao wana miguu sita. Tofauti hiyo ina uzito katika matibabu, maana wafugaji wengi huita kila kinachotembea kwenye manyoya ya kuku “viroboto” na kununua dawa kwa jina hilo. Kiroboto wa kuku anayejulikana zaidi Kenya, yule anayejikita kama vidoa vyeusi kuzunguka macho, upanga na ndevu za kuku na asibanduke kwa urahisi, ni kiumbe mwingine mwenye maisha mengine, na viluwiluwi wake hukulia katika mchanga na takataka za sakafuni. Utitiri wenyewe nao si wa namna moja. Ziko angalau aina tatu ambazo mfugaji hana budi kuzitofautisha kabla hajatoa pesa mfukoni.

Aina ya kwanza, na iliyo sugu kuliko zote, ni utitiri mwekundu, ambao wanasayansi huuita Dermanyssus gallinae. Ukubwa wake haufiki milimita moja au huifikia kwa shida. Rangi yake ni ya kijivu ukiwa na njaa na nyekundu ukishashiba damu. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, kwenye maungio ya fito ambazo kuku hulalia, chini ya viota na nyuma ya katoni zilizobandikwa ukutani, na usiku kuku wakishatulia hutoka, hupanda miguuni mwao, hunyonya damu kwa muda wa saa moja hivi, kisha hurudi mafichoni kutaga. Jike hutaga mayai manne hadi manane kwa mpigo, na kutokana na yai hutoka lava mwenye miguu sita asiyekula kitu, ambaye hujivua ngozi na kuwa tunutu, yaani mtoto mwenye miguu minane anayehitaji damu ili aendelee kukua. Katika joto la kutosha, mzunguko mzima kutoka yai hadi utitiri mpevu unaweza kumalizika kwa wiki moja; katika baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti huenda polepole zaidi, ingawa banda la mabati lililojaa kuku halina baridi kama ile iliyo nje. La kutisha zaidi ni kwamba utitiri huu unaweza kukaa miezi mingi bila kula, na katika mazingira ya ubaridi umewahi kuonekana ukiishi takriban miezi minane bila kuku wa kumnyonya.

Kuku aliyeshambuliwa huonyesha dalili ambazo ni rahisi kuzihusisha na maradhi mengine. Upanga na ndevu hupauka kwa kupungukiwa damu, utagaji hushuka, kuku hukataa kuingia bandani jioni au huacha kiota chake na kutaga kando, na kuku anayeatamia anaweza kuondoka kwenye mayai kabla hayajaanguliwa. Vifaranga wanaweza kufa kwa kuishiwa damu. Mfugaji anayekagua kuku wake mchana hataona chochote, na hapo hushuku chakula au ugonjwa wa kideri, kumbe angeingia usiku na tochi, au angepitisha karatasi nyeupe chini ya fito na kuisugua, angeona michirizi ya damu.

Aina ya pili, Ornithonyssus sylviarum, huishi maisha yake yote juu ya ndege, na hukusanyika zaidi kuzunguka tupu ya nyuma, mahali ambapo manyoya hugeuka meusi kwa uchafu na mayai ya utitiri. Huyu huonekana mchana, na kuku akishikwa hutambaa haraka kwenye mikono ya aliyemshika. Akitengwa na ndege, hudumu wiki tatu au nne tu. Aina ya tatu haishi kwenye manyoya bali huchimba chini ya magamba ya miguu, ambayo huinuka, huwa meupe na manene kama chokaa iliyokauka, hadi kuku huchechemea. Tiba yake ni kuosha miguu kwa maji vuguvugu ya sabuni, kusugua taratibu bila kung’oa magamba, na kupaka mafuta mazito ya mgando mara kwa mara kwa wiki kadhaa ili utitiri ukose hewa. Kati ya tatu hizi, mbili hizi za mwisho ndizo ambazo tiba yake iko mwilini mwa kuku zaidi kuliko kwenye nyumba yake.

Ukoo wa aina ya pili una ndugu aliye maarufu kwa wafuga nyoka duniani, Ophionyssus natricis, utitiri wa nyoka, ambao hujibana chini ya magamba na kuzunguka macho na kumfanya nyoka ajizamishe majini kwa saa nyingi akijaribu kuuondoa. Nyoka si mnyama wa kufugwa nyumbani nchini Kenya bila kibali, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayeweka mnyamapori awe na idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kwa hiyo nyoka walio kizuizini hupatikana zaidi katika taasisi kama bustani ya nyoka iliyo kwenye Makumbusho ya Nairobi au kituo cha Bio-Ken huko Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe. Hata hivyo utitiri wa nyoka una somo kwa mfuga kuku, maana jike wake hushuka mwilini na kutaga mayai yapatayo sitini hadi themanini kwenye pembe za kizimba, na wafugaji wa nyoka walishajifunza zamani kwamba nyoka hapaswi kutibiwa pasipo kizimba chake kumwagwa, kuoshwa na kukaushwa siku hiyohiyo, kisha kazi yote kurudiwa mayai yaliyosalia yakishaanguliwa. Mfuga kuku wa mjini bado hajalizoea wazo hilo.

Jambo linaloifanya mada hii iwe ya afya ya watu na si ya mifugo pekee ni kwamba utitiri ukikosa kuku humuuma binadamu. Kuku wakiuzwa wote kwa pamoja wakati wa sikukuu, au wakifa kwa kideri, utitiri uliobaki kwenye nyufa huvuka ukuta wa mabati hadi kitandani, na watu huamka wakiwa na vipele vyekundu vinavyowasha kwenye shingo, mikono na kiuno. Vipele hivyo hufanana na upele unaosababishwa na Sarcoptes scabiei, utitiri wa binadamu ambao huchimba vijia ndani ya ngozi, hutaga humo, na huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Upele ni ugonjwa wa kweli wa makazi yenye msongamano, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa. Tiba yake ni krimu ya pamethrini au losheni ya benzili benzoeti, ambayo hupakwa na watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Utitiri wa kuku, kinyume chake, hauchimbi ngozi ya binadamu wala hauzaliani juu yake. Familia inayopakwa losheni mara tatu bila kupona, huku kuku wakilala nyuma ya pazia, imetibiwa ugonjwa ambao pengine haina, na kwa hiyo mhudumu wa afya anayemwona mgonjwa wa namna hiyo ana sababu nzuri ya kumuuliza kama nyumbani kuna kuku au kiota cha njiwa darini.

Matibabu ya banda huanza kwa kuliondoa kila linaloweza kuondolewa. Maranda, nyasi za viota na katoni huchomwa au hufungwa kwenye mfuko na kutupwa mbali, fito hubanduliwa, na nyufa hukwaruzwa kwa kisu au waya. Kisha hufuata maji ya moto, kwa kuwa utitiri hauvumilii joto linalopita nyuzi 45 za Selsiasi, na mayai yake nayo hufa kwa maji yanayochemka iwapo yatafika hasa pale yalipo. Ushauri huu ni mwepesi kuuandika kuliko kuutekeleza katika mtaa ambamo maji hununuliwa kwa mtungi na makaa kwa mkebe, na hiyo ndiyo sababu ya kuyaelekeza maji hayo kwenye maungio ya mbao na chini ya fito badala ya kuyamwaga sakafuni kwa ajili ya usafi wa kuonekana. Mbao zilizooza ni afadhali zitupwe. Bomba la chuma au ufito uliolainishwa, usio na gome wala ufa, hauupi utitiri pa kujificha.

Wafugaji wengine hupaka fito mafuta ya taa. Ni kweli kwamba huua utitiri yanaougusa, lakini katika mitaa ambayo nyumba zake hugusana na moto hupita kutoka chumba hadi chumba kwa dakika chache, kulowesha mbao kwa mafuta ya taa karibu na jiko la makaa ni hatari isiyolingana na faida yake.

Jivu la kuni au makaa lina sifa inayolistahili. Kuku wenyewe huoga vumbi kwa silka, na vumbi kavu hukwangua na kunyonya utando wa nta unaozuia maji kutoka mwilini mwa utitiri, hata ukakauka na kufa. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi katika diatomaiti, unga mweupe wa mabaki ya mimea midogo sana ya majini iliyogeuka mwamba, ambao huchimbwa Kariandusi karibu na Gilgil katika Bonde la Ufa. Beseni la jivu lililochanganywa na mchanga mkavu linatosha kwa kuku kumi, ila jivu la mbao zilizopakwa rangi au la plastiki halifai, unga ukilowa hupoteza nguvu, na anayeunyunyiza ndani ya chumba kidogo hana budi kufunika pua na mdomo.

Kati ya dawa za viwandani, zile zinazotokana na pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kulizalisha, huvunjika haraka kwenye mwanga wa jua na huacha mabaki machache, ingawa kwa sababu hiyohiyo hazidumu. Pairethroidi, ambazo ni dawa zilizotengenezwa kiwandani kwa kuiga pareto, hudumu zaidi, lakini katika nchi nyingi utitiri mwekundu umeshajenga usugu dhidi yake. Ivamektini inayouzwa kwa ajili ya ng’ombe na mbuzi huingia kwenye kiini cha yai na hubaki humo kwa siku nyingi, na kwa hiyo kumpa kuku anayetaga bila mwongozo wa daktari wa mifugo ni kuilisha familia dawa hiyo. Mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji zilipata funzo la jambo hili kwa gharama kubwa, pale ilipogundulika kwamba fipronili, sumu isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula katika Umoja wa Ulaya, ilikuwa imechanganywa katika dawa ya utitiri mwekundu iliyouzwa kama bidhaa ya mimea, na mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliidhinisha fluralaneri, inayotiwa katika maji ya kunywa mara mbili zikipita siku saba kati ya dozi, na mayai ya kuku walioinywa huliwa bila kusubiri.

Dozi hizo mbili hazikupangwa ovyo. Dawa nyingi haziui mayai, na anayenyunyiza mara moja tu huua wazazi na kuwaacha watoto. Kurudia baada ya siku saba hadi kumi, kabla kizazi kipya hakijaanza kutaga, ndiko kunakoukata mzunguko, na kuku pamoja na banda hushughulikiwa siku moja.

Utitiri huingia mtaani kwa njia zinazojulikana: matenga ya kubebea kuku, trei za mayai zinazozunguka kati ya maduka, jurawa na njiwa wanaojenga kwenye mapaa, na kuku wapya wanaonunuliwa sokoni na kuchanganywa na wengine jioni hiyohiyo. Kuku mgeni anafaa atengwe kwa wiki mbili au tatu na akaguliwe chini ya mbawa na kwenye tupu ya nyuma. Kaunti ya Nairobi inayo sheria ya kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, inayotambua ufugaji ndani ya jiji na kuuwekea masharti, na wafugaji wa Kawangware wako karibu na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Upper Kabete. Ila katika ploti ambayo wapangaji wanne hufuga na kuta zao zimepakana, makubaliano ya kunyunyiza siku moja yana thamani kuliko dawa ghali inayotumiwa na mmoja wao.

Ukaguzi wa baadaye hauhitaji kifaa. Kipande cha katoni chenye mikunjo ndani, kikifungwa chini ya ufito na kufunguliwa kila wiki, huuvuta utitiri unaotafuta pa kujificha, na kikikutwa na vidoa vyekundu huchomwa na kazi huanza upya. Mpangaji anayehamia penye banda lililokaa tupu kwa miezi mitano naye anapaswa kulichukulia kuwa lina wakazi, na kulimwagia maji ya moto kabla hajaingiza kifaranga hata mmoja.